Sikio la Kidani

Mwanangu Saumu,

Kesho usiamke alfajiri. Najua shangazi yako Mwanaidi amekupangia utoke nyumbani kabla watu hawajarudi kutoka msikitini, upite kichochoro cha nyuma, ukakae stendi gizani mpaka basi lije. Amefanya hivyo kwa kukupenda na kwa kuogopa midomo ya mtaa. Nimemwambia hapana. Basi linaondoka saa tatu. Tutatoka hapa saa mbili, mlango wa mbele, jua limeshapanda, na tutapita mbele ya baraza ya ami yako Bakari wakati wazee wote wameketi na vikombe vyao vya kahawa. Nitakuwa pamoja nawe, ukinikubali. Barua hii ni ya kukueleza kwa nini nimeandika neno hilo la mwisho.

Nimekaa kuiandika baada ya laasiri, wewe ukiwa umekwenda kumuaga nyanya yako. Nitaiweka juu ya sanduku lako. Isome leo, uwe na muda wa kunikasirikia kabla ya asubuhi.

Sitakuandikia habari za chakula, wala za kuweka vyeti mahali pakavu, wala za baridi ya bara. Mamako ameshakwambia yote hayo mara mbili, na la sweta mara tatu. Mimi nina jambo moja tu, na nimelichelewesha miaka mitatu.

Unajua walivyosema barazani siku barua ya chuo ilipofika. Hukuwepo, lakini mtaa huu hauna kuta, na najua yalikufikia. Ami yako aliishika barua ile kwa vidole viwili, akaisoma, akasema, "Afya ya mifugo. Mifugo gani? Sisi tuna mifugo?" Mtu mmoja akamjibu kwamba binti anataka kutibu punda. Wakacheka. Shangazi yako, aliyekuwa mlangoni na sinia ya mahamri, naye akatia lake: "Mtu akija kuposa, akiuliza binti anasomea nini, tumwambie mkia?" Wakacheka zaidi. Kisha ami yako akanigeukia, akasema kwa sauti ile ya upole anayoitumia akishaamua jambo, "Mwalimu, mtoto wako ana akili. Dukani kwangu nahitaji mtu wa kushika vitabu. Hebu maliza mchezo huu."

Nilimwambia, "Nitaumaliza, kaka."

Ndiyo. Nilisema hivyo. Ulipokuja usiku ule kunipa shikamoo na kuniuliza kama nimekubali, nilikujibu kwamba bado nafikiri. Sikuwa nafikiri. Nilikuwa nimeshakuuza, na hiyo haikuwa mara yangu ya kwanza kuuza kitu cha nyumba hii na kukuficha.

Sasa nianze nilipopaswa kuanza.

Babu yako, baba yangu, alikuwa na punda saba. Walibeba mawe ya kujengea kutoka machimboni na maji kutoka visimani, kwa sababu vichochoro vyetu ni vyembamba, na gari haliwezi kupita. Jioni, kazi ikiisha, punda waliachwa watembee wenyewe kutafuta majani, na ili wasichanganyike kila ukoo ulikuwa na alama yake ya sikio. Yetu ilikuwa pembe ndogo iliyokatwa kwenye ncha ya sikio la kulia, na mchano mmoja chini yake. Mtu wa Mambrui au Kakuyuni akimkuta shambani mwake punda mwenye sikio hilo, alijua amrudishe kwa nani. Lakini babu yako aliongeza sharti lake mwenyewe, ambalo koo nyingine hazikuwa nalo: mnyama aliyetiwa alama yetu hauzwi. Akizeeka atazeekea kwetu, akifa tutamzika sisi. Watu walimcheka kwa hilo pia. Aliwajibu kwamba hawezi kumkata mtu sikio ili ajulikane ni wa nyumba, kisha amtoe nyumbani.

Kidani alikuwa wa mwisho kutiwa alama. Nilimtia mimi, babu yako akiwa amekaa kitini, mikono yake haina tena nguvu ya kushika kisu. Wewe ulikuwa na miaka minne, na ndiwe uliyempa jina, kwa ule mstari mweusi unaomshuka mabegani kama mkufu. Kila laasiri nilimpa tende moja kutoka mfuko wa kanzu yangu. Alizoea kuingiza pua mfukoni hata siku ambazo sikuwa na kitu, na mamako akilalamika kwamba kanzu zangu zote zina doa upande mmoja.

Baada ya babu yako kufariki tulibaki naye peke yake, na Charo ndiye aliyekuwa akimwongoza kubeba maji. Unamkumbuka Charo wa mtaa wa Kisumu Ndogo, alivyokuwa akikupandisha juu ya mitungi mitupu ukirudi madrasa. Mwaka ule mifereji ya mtaa ilipokauka, kila nyumba ilitaka maji, na Kidani alifanya safari kumi kwa siku. Charo alinijia akasema, "Mwalimu, shogi inamla. Mpumzishe mwezi mmoja." Shogi ni ule mkeka mpana wenye mifuko miwili, unaotupwa mgongoni ili mitungi ining'inie kila upande. Nilikwenda kutazama. Pale shingo inapokutana na mgongo palikuwa na kidonda kikubwa kama kiganja.

Unajua tabia yangu. Mtu akinipa tatizo, mimi humpa somo. Nilichukua kijiti, nikamchorea Charo mchangani. Nikamweleza kwamba uzito ukitandazwa mahali papana hauumizi kama ukibanwa mahali padogo, na kwamba dawa ni kuongeza magunia mawili chini ya shogi. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Kisha akasema, "Sawa, mwalimu. Lakini yeye hajakusikia."

Tuliongeza magunia. Yalinywa jasho, yakashika mchanga, yakamsaga ngozi kutoka asubuhi hadi jioni. Hesabu yangu ilikuwa sahihi na mgongo wake ulikuwa unaoza. Nilipokubali kwamba nimekosea alikuwa hawezi kubeba hata shogi tupu.

Ami yako akaniambia kwamba punda asiyefanya kazi ni mdomo tu, na kwamba kuna dalali wa Mariakani anayepita Malindi kila Jumanne kukusanya wale wasiotakiwa. Usimlaumu ami yako kwa yaliyofuata. Yeye alitaja siku. Aliyesubiri siku hiyo ni mimi.

Dalali alifika wewe ukiwa shuleni, na Charo nilikuwa nimemtuma mbali kwa makusudi. Alimzunguka Kidani, akamshika sikio, akaliachia kama limemchoma. "Huyu siwezi," akasema. "Alama yenu inajulikana. Wenu hawauzwi. Nikisimamishwa njiani wataniita mwizi."

"Waambie umenunua kwangu."

"Nani ataniamini, mwalimu? Mimi simkati mtu mali yake. Ukitaka nimchukue, nimkute hana alama."

Akaenda kukaa nje kwenye kivuli cha lori lake, akanipa nafasi. Saumu, nafasi ile ilikuwa ndefu. Ningeweza kufunga mlango. Badala yake niliingia ndani nikachukua wembe ninaopunguzia ndevu, nikatoka, nikamkata sikio chini ya alama. Hakupiga teke. Alisimama. Nilikuwa nimewafundisha watoto wa watu kwa miaka mingi kwamba farasi akiogopa hukimbia na punda akiogopa husimama, na ndiyo maana watu humwita mkaidi. Lakini siku ile nilijiambia kwamba amesimama kwa sababu haimuumi.

Dalali alisema anampeleka kwa mfugaji mmoja wa bara. Nilijua anakokwenda. Nilijua ngozi za punda zinatakiwa wapi na nyama yao hufanywa nini. Nililishika neno lake kwa sababu lilikuwa rahisi kulishika. Kisha nikaosha wembe, nikafukia kile kipande cha sikio chini ya mkomamanga, nikaikunja kamba yake vizuri, nikaitundika msumarini.

Ulirudi shule ukaniuliza, "Baba, Kidani yuko wapi?" Nikakujibu, "Ameibiwa."

Nilidhani nimesema neno moja tu. Lakini uongo wangu ulihitaji mwizi, na mtaa ulimtafuta bila mimi kuuomba. Nani mwingine alikuwa na ufunguo wa ua? Hakuna aliyempeleka Charo polisi. Waliacha tu kumwita. Nyumba moja, kisha ya pili, kisha mtaa mzima. Ami yako alisema barazani, "Hawa watu tunawaamini mno," na mimi nilikuwa nimekaa ubavuni pake, kikombe mkononi. Nilikunywa kahawa yangu.

Wewe ndiye pekee uliyebishana. Ulikuwa na miaka kumi na mitano, ukasimama jikoni ukamwambia mamako kwamba Charo hawezi, hawezi kabisa, na kwamba utasoma mpaka ujue kuwatibu punda na kuwazuia wezi wa punda. Mamako alidhani ni hasira ya wiki moja. Imekuwa miaka mitatu, na kesho inapanda basi. Unaona sasa kwa nini nimeogopa kukwambia? Safari yako yote imesimama juu ya mwizi ambaye hayupo. Nilihofu kwamba nikimwondoa, nayo itaanguka.

Mwezi uliopita ulikuja ukaketi mbele yangu ukasema, "Baba, kuna mahali pa kutunza punda waliookolewa, ng'ambo ya Kilifi, njia ya Kaloleni. Twende siku moja tu. Ukirudi ukasema hapana, sitabishana." Nilikubali kwa moyo mwepesi. Neno la hapana nilikuwa nalo tayari, nimeshampa ami yako.

Nitakusimulia siku ile kama nilivyoiona mimi, kwa maana uliiona kwa macho mengine.

Nilitarajia mahali pa huzuni. Nikakuta uwanja uliofagiliwa, vivuli vya makuti, mabirika ya maji yaliyosuguliwa, na punda wapatao thelathini ambao hawakuwa wakifanya kitu chochote. Sijawahi kuona punda wengi hivyo wasio na kazi. Mmoja alikuwa amelala chali anajigaragaza mavumbini, miguu minne juu, na mimi, mtoto wa mwenye punda saba, nilishtuka nikidhani anakata roho. Kadzo akacheka. Ndiye yule mama wa Kakuyuni, mwenye kitambaa cha njano kichwani, aliyetupokea. "Anaoga, baba," akasema. "Kwenu hawaogi?"

Kwetu hawakuwa na wakati wa kuoga.

Kisha nikafanya kama kawaida yangu. Alipotuonyesha punda mwenye kwato mbovu, nilianza kumweleza Kadzo jinsi ukwato ulivyoumbwa, tabaka kwa tabaka, na kwa nini hupasuka. Ulinikanyaga mguu, nikaendelea. Yeye aliniacha nimalize. "Vidzo," akasema, yaani vyema, "sasa shika hapa." Akaunyanyua mguu ule kama mtu anayenyanyua kikombe, akaniwekea mkono wangu juu ya ukwato. Ulikuwa wa moto. Akanipa mguu wa pili, ulikuwa wa baridi. "Huo wa moto ndio unaouma. Mimi jina lake silijui."

Miaka yote ya Kidani, Saumu, sikuwahi kumshika kwato.

Ndipo alipotoka nyuma ya kibanda. Mgongo ulikuwa umepona, manyoya yameota meupe pale palipokuwa na kidonda, na mkufu wake mweusi uko palepale mabegani. Wewe ulimwona kwanza. Ulisema, "Baba," ukaanza kumwendea. Ulimwita jina lake, naye akageuza masikio, moja refu na moja fupi, lakini hakuja kwako. Alikuja kwangu. Alitembea moja kwa moja, polepole, akaingiza pua mfukoni mwa kanzu.

Kadzo akanitazama. "Huyu haendi kwa wanaume," akasema. "Hata daktari wetu humtazama kwa mbali. Wewe umempa nini?"

"Labda ananusa tende."

"Mfukoni mna tende?"

"Hamna."

"Basi," akasema Kadzo, na hakuuliza tena.

Wewe ulikuwa umemkumbatia shingo, unalia na kucheka. Ukauliza amefikaje pale. Kadzo akasimulia lori lililoharibika Mariakani, punda wamekaa juani siku mbili bila tone la maji, mpaka wenye maduka ya barabarani wakapiga kelele na lori likafunguliwa. Wengine walikuwa wamekufa wamesimama, kwa kubanana. Ukamgusa sikio lile fupi, ukauliza nani kalikata. "Wezi," akasema Kadzo. "Wanafuta alama."

Ukasema, "Mungu ailaani mikono iliyomkata."

Mkono wangu wa kulia ulikuwa juu ya paji la uso wake, unampapasa. Wote mlinigeukia, kwa sababu mtu akiomba dua mbele ya mzee, mzee huitikia. Nami nikaitikia amina.

Hilo ndilo nililokuwa nikilichelewesha. Mikono uliyoilaani ni hii inayoandika. Sikuombi uitengue dua yako. Niliipokea kwa amina yangu mwenyewe, na sijawahi kuitikia dua nikiijua maana yake kama nilivyoijua siku ile.

Tuliporudi nilikwenda barazani, nikamwambia ami yako mbele ya watu kwamba utakwenda chuo. Akauliza kama nimerogwa na punda. Nikamwambia inawezekana. Sikusema zaidi, na ulipokuja kunibusu mkono kwa furaha ulidhani baba yako ni shujaa. Sikuwa. Nilikuwa nimesema nusu, ile nusu inayonipa heshima.

Jana nilikwenda Kisumu Ndogo kumtafuta Charo. Anasukuma mkokoteni wa mchanga sasa, kwa mikono. Alinipa kigoda, akasimama yeye. Nilimwambia yote. Nilitarajia apige kelele, au alie, au anisamehe, na nilikuwa nimejiandaa kwa kila moja. Aliniacha nimalize, kama alivyofanya siku ya kijiti.

"Nilijua," akasema.

"Umejuaje?"

"Kamba. Ilikuwa msumarini, imekunjwa duara. Mwizi hakunji kamba, mwalimu. Mtaa huu mzima anayekunja kamba namna ile ni wewe."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu, "Ningemwambia nani? Nikisema mimi, nani ananiamini, na wewe ndiye mwalimu uliyewasomesha wote?" Nilipomwomba radhi alitikisa kichwa. "Radhi hapa chumbani inanisaidia nini? Uliponyamazia pale, pale ndipo useme. Na wale wale wawe wamekaa."

Ndiyo sababu tunapita mbele ya baraza kesho, na ndiyo sababu si alfajiri.

Nitasimama pale. Nitatoa salamu kama kawaida, nitamwamkia kaka yangu kama mdogo wake nilivyo, kisha nitasema kwamba Kidani hakuibiwa, kwamba nilimuuza mimi, nikamkata sikio mimi, na kwamba Charo ni mtu safi ambaye tumemla miaka mitatu. Nitasema pia kwamba Saumu anakwenda kusomea punda, kwa ruhusa yangu na kwa fahari yangu, na anayetaka kucheka acheke sasa hivi, akinitazama usoni. Nimewafundisha nusu ya wale watu kusoma. Wakiniita mzee aliyerukwa na akili, nimeitwa mwenye busara na watu hao hao nikiwa mwongo, kwa hiyo sifa zao nimeshazipima.

Ami yako atasema nimeaibisha ukoo. Nitamjibu kwamba ukoo ulikuwa na neno moja tu la kujivunia ambalo koo nyingine hazikuwa nalo, na nililikata kwa wembe. Baba yetu alichekwa kwa ajili ya neno lile mpaka akazikwa, na hakulirudisha hata siku moja. Mimi nilichekwa kidogo tu, nikampa dalali neno lile.

Mamako anajua. Nilimwambia kabla yako, kwa sababu yeye ndiye aliyefua kanzu yenye damu na hakuuliza. Akasema, "Nilidhani umejikata kunyoa." Baadaye kidogo akaongeza, "Hapana. Sikudhani hivyo." Basi uone tulivyoishi nyumba hii, watu wawili wazima, kila mmoja akimlindia mwenzake uongo.

Sitakuwekea orodha ya mafunzo. Nimetoa mafunzo mengi mno maishani, na Kidani hakusikia hata moja. Ila kuna kitu kimoja kinanisumbua. Huko uendako watakufundisha majina ya kila mfupa na kila ugonjwa. Yapende, ni mazuri, mimi nimeyapenda maisha yangu yote. Lakini niliyajua siku niliyoongeza magunia. Niliyajua nilipochukua wembe. Elimu yangu haikunizuia, ilinipa tu maneno mazuri ya kujieleza nilipokuwa nafanya vibaya. Ukijikuta siku moja unaeleza sana, mwanangu, nyamaza ushike ukwato.

Jingine ni hili. Watakapokucheka, na huko pia watakucheka, kwa sababu wenzako watataka kutibu ng'ombe wa maziwa na mbwa wa matajiri, usijaribu kuwafanya waelewe. Nilipoteza miaka nikitaka baraza inielewe. Fanya kazi yako mbele ya macho yao. Wakishachoka kucheka watakuletea punda wao.

Sasa uamuzi ni wako. Ulitaka kwenda ili kuwazuia wezi wa punda. Mwizi wa punda wako umempata, yuko chumba cha mbele, ana miaka sitini na mbili na macho mabovu. Ukiona kwamba safari haina tena maana, sanduku litafunguliwa na sitasema neno. Lakini mimi nadhani ina maana kuliko mwanzo. Wezi wa usiku ni wachache. Wengi wa punda wale thelathini hawakuibiwa na mtu. Walitolewa mlangoni mchana, na watu wenye kanzu safi, wanaoswali, wanaoheshimiwa, waliochoka kumlisha mnyama aliyewajengea nyumba. Hao ndio utakaokutana nao. Watakupa maelezo marefu. Utawajua, kwa sababu umelelewa na mmoja wao.

Na ukitaka kwenda bila mimi, kwa njia ya nyuma, alfajiri, nitaelewa, na mlango wa ua nitauacha bila komeo. Lakini mimi saa mbili nitapita barazani hata kama niko peke yangu. Hilo halikutegemei wewe. Hilo ni la Charo.

Ukija, sanduku nitabeba mimi, kichwani. Mamako anasema mwalimu mkuu mstaafu hawezi kupita mtaani na sanduku kichwani kama mchukuzi. Nimemwambia Kidani alipita na mizigo yetu miaka kumi, mbele ya baraza ile ile, na hakuna aliyeona aibu.

Kufuli ya sanduku ni mbovu, kwa hiyo nimelifunga kwa kamba. Utaitambua. Nimeitoa msumarini leo, mara ya kwanza tangu siku ile. Ukifika chuoni usiikate. Ifungue kwa mikono, ichukue na kuitumia, na siku utakapokuwa na mnyama wa mtu mbele yako, anayetetemeka, amesimama kimya, mfunge nayo kwa upole.

Nakuombea kila la heri, ukinichukia au usiponichukia.

Baba yako, niliye hapa chumba cha mbele, mlango wazi.